Kupanga Upya Kozi ya Chuo Kikuu Katika Zama za Akili Mnemba: Mwongozo Kamili kwa Wahadhiri

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika inachoagizwa, ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, insha ya kuandikia nyumbani imepoteza kazi yake kubwa, ile ya kumthibitishia mhadhiri kwamba mwanafunzi amesoma, amefikiri na ameelewa. Mwanafunzi mwenye simujanja na bando la siku moja anaweza kupata kurasa nne zilizopangika vizuri, zenye utangulizi, hoja na hitimisho, akaziwasilisha bila kufungua kitabu hata kimoja. Kuna wahadhiri waliopiga marufuku programu hizi katika kozi zao, na kuna vyuo vilivyonunua programu nyingine za kuwanasa wanaozitumia. Marufuku haina namna ya kusimamiwa nje ya darasa, na programu za kunasa, kama nitakavyoeleza mbele, huwaonea wasio na hatia. Kinachobaki ni kuipanga upya kozi yenyewe, ili alama zitoke pale ambapo mhadhiri anaweza kuona mwanafunzi akifikiri, na akili mnemba ifundishwe waziwazi pale ambapo haiwezi kuzuiwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mhadhiri wa Afrika Mashariki mwenye darasa kubwa, wasaidizi wachache na intaneti ya kusuasua, anayefuata mfumo wa alama ambao kwa kawaida hugawa 40 kwa tathmini endelevu na 60 kwa mtihani wa mwisho wa muhula, au 30 kwa 70 kama ilivyozoeleka katika vyuo vingi vya Kenya. Mfano nitakaoufuata ni wa kozi ya historia ya Tanzania kwa mwaka wa pili, yenye wanafunzi 300, lakini hatua ni zilezile kwa anayefundisha sheria, uchumi au fasihi. Anza kazi hii wiki kadhaa kabla ya muhula kufunguliwa, kwa sababu kanuni zikibadilika katikati ya muhula wanaoumia ni wanafunzi.

Hatua ya kwanza: Ipe programu kazi zako mwenyewe

Kusanya kazi zote ulizotoa katika miaka mitatu iliyopita: insha, mazoezi ya semina, majaribio na mitihani. Fungua programu ambayo wanafunzi wako wanaitumia, na uitumie katika toleo la bure, maana hilo ndilo lililo mikononi mwa walio wengi. Nakili swali kama lilivyo, lipeleke, na majibu uyasahihishe kwa mwongozo uleule wa usahihishaji unaoutumia kwa wanafunzi, bila huruma na bila chuki.

Chukua swali ambalo limeulizwa kwa namna moja au nyingine katika kozi nyingi za historia ya nchi yetu: "Jadili sababu zilizofanya sera ya vijiji vya ujamaa isifikie malengo yake." Programu itakutajia maandalizi duni, matumizi ya nguvu katika kuwahamisha watu, ukame, urasimu na uzalishaji mdogo wa mashamba ya pamoja. Kila hoja itapewa aya yake, na kila aya itafungwa kwa sentensi ya kurudia kilichokwisha kusemwa. Ukifuata mwongozo wako kwa haki, huenda jibu hilo likastahili alama za kupita, na pengine zaidi. Sasa lisome tena kama mwanahistoria. Angalia kama limetenganisha miaka iliyofuata Azimio la Arusha la Februari 1967, ambamo watu walihimizwa wajiunge kwa hiari, na Operesheni Vijiji, iliyowahamisha watu kwa amri kati ya mwaka 1973 na 1976. Angalia kama limetaja kijiji hata kimoja kwa jina, na kama kuna mtu yeyote mle ndani aliyehama. Mara nyingi utakuta maelezo ambayo yangeweza kuwa ya nchi yoyote iliyojaribu kuwakusanya wakulima vijijini, na hapo utakuwa umejua kuwa swali lako ndilo lililoruhusu jibu la namna hiyo.

Baada ya kupitia kazi zote, ziandikie alama pembeni: zipi programu inazifanya zote, zipi inazifanya nusu, na zipi haiwezi kuzifanya. Kundi la tatu litakuwa dogo, na utagundua kwamba karibu kila kazi iliyomo imefungamana na mahali fulani, mtu fulani, kitu cha kushikika au tukio la darasani. Lishike kundi hilo, kwa sababu ndilo utakalolijenga.

Hatua ya pili: Tenganisha kazi za aina mbili

Chuo Kikuu cha Sydney nchini Australia kimegawa tathmini zake katika njia mbili: zile zinazofanyika chini ya usimamizi, ambamo chuo kinataka kuwa na uhakika kwamba mwanafunzi mwenyewe anajua, na zile zilizo wazi, ambamo mwanafunzi anatarajiwa kutumia akili mnemba na kufundishwa namna ya kuitumia vizuri. Mgawanyo huo unafaa hata kwetu, kwa kuwa unamwondolea mhadhiri mzigo wa kulinda mpaka usiolindika, yaani ule wa kuruhusu programu isahihishe sarufi na kuikataza isipange hoja, ilhali mwanafunzi yuko bwenini peke yake.

Kabla ya kugawa alama, jiulize ni mambo gani mhitimu wa kozi yako ni lazima ayaweze akiwa hana kifaa chochote mkononi. Kwa mwanahistoria wa mwaka wa pili ningetaja matatu: kuushika mfuatano wa matukio makubwa, kusoma waraka wa zamani na kusema nani aliuandika na kwa nini, na kuijenga hoja inayoweza kusimama mbele ya swali la pili. Mambo haya yapimwe chini ya usimamizi. Kutafuta vitabu, kusawazisha Kiingereza cha insha, kuchora jedwali au kupata muhtasari wa makala ndefu ni mambo yanayoweza kwenda upande ulio wazi. Katika zile alama 40, ningeweka 25 kwenye kazi za usimamizi na 15 kwenye kazi za wazi.

Zile alama 60 za mtihani wa mwisho tayari zinapatikana ukumbini, mbele ya wasimamizi. Mtihani huo umelaumiwa kwa miaka mingi kwamba unahimiza kukariri, na lawama hiyo ni ya kweli pale maswali yanapoweza kujibiwa na mtu aliyemeza desa la kozi usiku wa kuamkia mtihani. Kwa hiyo usijipongeze kwa kuwa na ukumbi. Weka ndani ya karatasi ya mtihani waraka mfupi ambao wanafunzi hawajawahi kuuona, waulize wauchambue, na ukumbi utaanza kupima kile tulichodai kuwa unapima.

Hatua ya tatu: Andika sera ya kozi katika ukurasa mmoja

Wanafunzi wengi huvunja kanuni ambayo hakuna aliyewaeleza. Mhadhiri mmoja anaruhusu, wa pili anakataza, wa tatu hasemi kitu, na mwanafunzi huyohuyo anawasikiliza wote watatu katika wiki moja. Watafiti Mike Perkins, Leon Furze na wenzao wametunga kipimo chenye viwango vitano, kuanzia kazi isiyoruhusu akili mnemba kabisa hadi kazi ambayo mwanafunzi anaitumia apendavyo, lakini kwa darasa la watu 300 viwango vitatu vinatosha, na kila kazi iandikwe kiwango chake kwenye karatasi ya maelezo. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Kazi ya kiwango A hufanyika darasani au ukumbini bila kifaa chochote. Katika kazi ya kiwango B unaruhusiwa kutumia akili mnemba kutafuta mawazo, kuelewa dhana na kurekebisha lugha, lakini hoja na mifano iwe yako, na utaulizwa kuihusu ana kwa ana. Katika kazi ya kiwango C unatakiwa kutumia akili mnemba, na utasahihishwa kwa namna ulivyokosoa na kurekebisha ilichokupa. Katika viwango B na C, ambatisha aya moja inayoeleza ulitumia programu gani, uliiagiza nini, na ulikubali au kukataa nini. Anayeeleza ukweli katika aya hiyo hatapunguziwa alama kwa sababu ya kutumia programu."

Sentensi ile ya mwisho ndiyo itakayoifanya sera yako iheshimiwe. Bila ahadi hiyo, kila mwanafunzi ataandika kwamba hakutumia chochote. Isome sera kwa sauti katika mhadhara wa kwanza, na ueleze sababu za kila kiwango.

Hatua ya nne: Andika maswali upya, kisha muulize mwanafunzi ana kwa ana

Hii ndiyo hatua yenye kazi nyingi kuliko zote, na ukiwa na nafasi ya kufanya moja tu, fanya hii.

Rudi kwenye swali la vijiji vya ujamaa. Badala ya kuuliza sababu kwa ujumla, mpe mwanafunzi kazi hii: azungumze na mtu aliyehamishwa, au aliyeshuhudia wengine wakihamishwa, wakati wa Operesheni Vijiji, aandike kumbukumbu ya mazungumzo hayo kwa mkono, kisha aandike kurasa nne akilinganisha simulizi hilo na hoja ya msomi mmoja kutoka katika orodha ya vitabu vya kozi, akionyesha ni wapi mzee anapingana na kitabu, yeye mwenyewe anamwamini nani, na kwa nini. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1974 ana zaidi ya sitini leo, kwa hiyo watu hao bado wapo katika familia nyingi, na mwanafunzi asiyeweza kusafiri anaweza kumpigia simu bibi au babu yake. Mwelekeze aombe ridhaa kwanza na asiandike jina halisi la msimuliaji. Mjukuu wa mtu ambaye hakuhamishwa naye atafutiwe mlango: mtumishi wa chuo, muuza matunda wa nje ya geti, mzee wa msikitini au kanisani.

Kazi ya namna hii ina faida ambayo haihusiani na kunasa wadanganyifu. Inamfanya mwanafunzi akutane na ushahidi usiokuwa tayari katika intaneti, na kwa wengi wao itakuwa mara ya kwanza kugundua kwamba historia wanayoisoma kwa Kiingereza kilichonyooka ilipita katika nyumba yao wenyewe.

Ni kweli kwamba programu inaweza kubuni mzee. Ukiiagiza, itakuletea simulizi la kusikitisha lenye lori, vumbi na nyumba iliyobomolewa. Hapo ndipo mahojiano ya ana kwa ana yanapohitajika, na kinachowatisha wahadhiri ni wingi wa wanafunzi, kwa hiyo tupige hesabu. Wanafunzi 300 kwa dakika tano kila mmoja ni dakika 1,500, yaani saa 25. Ukiwa na wakufunzi wasaidizi wanne, pamoja nawe mnakuwa watano, na kila mmoja ana saa tano, ambazo ni alasiri mbili. Muda huo mtaurudishiwa kwa sehemu kubwa, kwa kuwa insha ambayo mwenyewe ameieleza mbele yako husahihishwa haraka kuliko insha ambayo unakaa ukiitilia shaka.

Dakika tano zinatosha maswali matatu. La kwanza liwe la jambo la wazi ambalo halimo kwenye insha lakini aliyefanya mazungumzo lazima atalijua: msimuliaji alihamishwa kutoka wapi kwenda wapi, na ni mwendo wa muda gani kwa miguu? Alitumia neno gani kuutaja uhamisho huo? Mlizungumza wakati wa siku gani, na nani mwingine alikuwepo? La pili liwe la sababu: kwa nini umechagua msomi huyu na si yule? La tatu ligeuze jambo: kama msimuliaji wako angekuwa mwenyekiti wa kijiji kilichopokea wahamiaji, ungemwamini vilevile? Aliyefanya kazi mwenyewe hujibu hata akiwa na woga, na mara nyingi huanza kusimulia zaidi ya ulichomuuliza. Aliyeagiza insha hukwama kwenye swali la kwanza, au hujibu kwa maneno ya jumla ambayo unaweza kuyatambua kwa kuwa hayana mtu ndani yake.

Nina msimamo kuhusu lugha ya mahojiano haya. Pale kanuni za chuo zinaporuhusu, mwache mwanafunzi ajibu kwa Kiswahili hata kama insha imeandikwa kwa Kiingereza. Unachotaka kujua ni kama anaielewa hoja yake, na mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaweza kuonekana hajui chochote kwa sababu tu ametafuta neno la Kiingereza akalikosa mbele ya mwalimu wake. Wape pia maswali mawili ya mfano wiki moja kabla, ili walio na haya wajizoeze wenzao kwa wenzao.

Kama huna wasaidizi kabisa, tumia kikao cha kuandika. Wiki moja baada ya insha kuwasilishwa, kila mwanafunzi arudishiwe insha yake darasani bila alama, apewe dakika ishirini na karatasi tupu, na aandike kwa mkono hoja dhaifu kuliko zote katika insha hiyo na namna ambavyo angeiimarisha. Alama za karatasi hiyo ziwe sawa na za insha yenyewe. Kwa kozi za programu za kompyuta, mwambie mwanafunzi abadilishe sehemu ndogo ya kazi yake ukiwa umekaa pembeni. Kwa sheria, badilisha ukweli mmoja wa kesi umuulize hukumu ingekuwaje.

Hatua ya tano: Wafundishe wanafunzi kujifunza nayo

Akili mnemba inaweza kumsaidia mwanafunzi kuelewa na inaweza kumzuia asielewe, na tofauti iko katika namna inavyopangwa. Katika utafiti uliofanyika kwa wanafunzi karibu elfu moja wa shule ya sekondari nchini Uturuki, waliopewa programu ya kawaida iliyowapa majibu walifanya mazoezi ya hisabati vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya wenzao, lakini ilipoondolewa wakati wa mtihani walifanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko ambao hawakuwahi kuipata. Wenzao waliopewa toleo lililotoa madokezo badala ya majibu walifaulu zaidi katika mazoezi, na kwenye mtihani hawakuathirika kwa kiasi hicho. Kule Harvard, programu ya akili mnemba iliyoandaliwa kwa uangalifu iwe mkufunzi wa somo la fizikia iliwafanya wanafunzi wajifunze mengi kuliko wale waliohudhuria kipindi cha kujadiliana darasani.

Wape wanafunzi wako agizo lililoandikwa tayari, walinakili na kulibadilisha kwa mada ya wiki:

"Wewe ni mkufunzi wangu wa kozi ya takwimu. Usinipe jibu hata nikikuomba. Niulize swali moja kwa wakati mmoja kuhusu mada nitakayokutajia, subiri nijibu, na nikikosea nipe dokezo dogo bila kunisahihishia. Eleza kwa Kiswahili rahisi, lakini istilahi za somo ziache kwa Kiingereza kama zitakavyoonekana kwenye mtihani. Baada ya maswali kumi, niambie ni dhana zipi bado sijazishika."

Sehemu ya Kiswahili katika agizo hilo nimeiweka kwa makusudi. Mwanafunzi anayesikiliza mhadhara wa Kiingereza, na ambaye hathubutu kunyoosha mkono mbele ya watu 300, sasa anaweza saa nne usiku kuomba dhana ileile ielezwe kwa lugha anayoifikiria nayo, tena na tena, bila kuonekana mzito. Sioni jambo jingine lililoletwa na teknolojia hii ambalo lina uzito kama huo kwa vyuo vyetu.

Hata hivyo waonye kuhusu Kiswahili chenyewe. Modeli za lugha, yaani mifumo inayoziendesha programu hizi, zimelishwa Kiingereza kwa wingi mno kuliko lugha nyingine, kwa hiyo upatanisho wa ngeli huweza kuyumba, na sentensi hutoka zikiwa na umbo la kutafsiriwa. Kwa anayefundisha ushairi, kuna jaribio zuri la kufanya darasani: iagize programu itunge shairi la tarbia lenye mizani kumi na sita kwa kila mshororo, nane kwa nane, kisha wanafunzi wahesabu kwa vidole. Mshororo mmoja unaweza kuwa na mizani kumi na saba, wa pili kumi na nne, na programu ikiulizwa huenda ikasisitiza kwamba yote ni kumi na sita. Sababu ni kwamba maandishi hukatwa kwanza katika vipande ambavyo havifuati mipaka ya silabi, na programu hufanya kazi na vipande hivyo. Mwanafunzi akishayaona makosa hayo kwa macho yake mwenyewe, hutamhubiria tena kuhusu kuhakiki anachopewa.

Katika kozi isiyo ya fasihi, fanya semina ya usahihishaji. Chapisha jibu la programu ulilolipata katika hatua ya kwanza, ligawe kwa vikundi vya watu watano pamoja na mwongozo wako wa usahihishaji, na kila kikundi kitoe alama na kuzitetea. Wanafunzi huwa wakali kuliko mwalimu.

Hatua ya sita: Hakiki kila rejeleo

Modeli ya lugha huunda sentensi kwa kukisia kipande kinachofuata, na rejeleo kwake ni mfuatano wa maneno kama mwingine wowote: jina la mwandishi linaloonekana sahihi, mwaka unaofaa, jarida lililopo, na makala ambayo haikuwahi kuandikwa. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca baada ya kuwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT. Weka kanuni kwamba kila rejeleo liambatane na namba ya ukurasa, na kwa marejeo mawili utakayoyachagua wewe, mwanafunzi alete ukurasa wenyewe ukiwa umepigwa picha au kutolewa nakala. Rejeleo lisilopatikana lihesabiwe kuwa kosa la kitaaluma, hata kama mwanafunzi anasema aliamini lipo.

Hatua ya saba: Unapomshuku mwanafunzi

Usitumie programu ya kunasa kama ushahidi. OpenAI yenyewe, kampuni iliyoitengeneza ChatGPT, ilitoa programu yake ya kutambua maandishi ya mashine mwezi Januari 2023. Iliyatambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na ikayasingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Iliondolewa Julai mwaka huohuo. Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani kilizima kitambuzi cha Turnitin, programu ya kukagua kazi za wanafunzi, mwezi Agosti 2023, baada ya kuona kwamba hata kama kingekosea kwa asilimia moja tu, kati ya kazi 75,000 walizopitisha mwaka uliotangulia, takriban 750 zingesingiziwa.

Kwetu hatari ni kubwa zaidi. Watafiti wa Stanford walipima vitambuzi saba kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine, ilhali insha za wanafunzi wa Marekani zilitambuliwa vizuri. Vitambuzi hutafuta msamiati mdogo na sentensi zinazotabirika, na hivyo ndivyo anavyoandika mtu anayejitahidi katika lugha ya pili au ya tatu. Mwanafunzi wa Songea au Kisii anayeandika kwa uangalifu ili asikosee sarufi ndiye atakayenaswa.

Usiinakili insha ya mwanafunzi ndani ya ChatGPT na kuiuliza kama ndiyo iliyoiandika. Programu haina daftari la ilichowaandikia watu wengine, na inaweza kukubali maandishi yoyote kuwa yake. Mwaka 2023 mhadhiri mmoja huko Texas alifanya hivyo, akawazuilia wanafunzi wake matokeo, baadhi yao wakiwa wamekwisha kuhudhuria mahafali.

Fanya hivi badala yake. Mwite mwanafunzi kwa mazungumzo ya kawaida kuhusu kazi yake, mkufunzi mwingine akiwepo kama shahidi. Muombe alete rasimu, madokezo ya mkono au historia ya faili kama aliandika katika Google Docs. Chagua aya iliyokutia shaka na umwombe aieleze kwa maneno yake, kisha umuulize hoja hiyo aliipata wapi. Msikilize mpaka mwisho. Kuna anayeandika vizuri kuliko anavyozungumza, na kuna aliyesaidiwa na dada yake aliye mwalimu. Andika kumbukumbu za kikao, nyote mtie saini, na kama shaka inabaki, shauri liende kwenye kamati kwa mujibu wa kanuni za mitihani za chuo chako. Mtu anayeweza kupata saplimentari au kuondolewa chuoni ana haki ya kushtakiwa kwa ushahidi unaoweza kujadiliwa, na asilimia iliyotolewa na programu haijadiliki.

Kwa wanaosimamia tasnifu, kinga iko katika ratiba. Mwanafunzi anayekuja kila mwezi na madaftari ya uwandani, sauti za mahojiano na data ghafi hawezi kukushtukiza mwishoni na sura tano zinazong'aa.

Hatua ya nane: Angalia matumizi yako mwenyewe

Akili mnemba inaweza kukutungia matoleo kadhaa ya jaribio moja, mifano ya hesabu, au rasimu ya mpango wa semina, nawe ukairekebisha. Usiiachie itoe alama. Usiiwekee majina, namba za usajili wala insha za wanafunzi katika akaunti yako binafsi: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na kazi ya mwanafunzi yenye jina lake ni taarifa binafsi. Ukiandaa maelezo ya mhadhara kwa msaada wa programu, waambie wanafunzi, kama ulivyowataka wao wakuambie.

Hatua ya tisa: Usiwaache wasio na bando

Kazi yoyote ya kiwango C iwezekane kwa toleo la bure na kwa simu, si kwa kompyuta pekee. Panga saa moja au mbili za maktaba au maabara ya kompyuta kwa ajili hiyo, na ruhusu watu watatu watumie kifaa kimoja. Mwanafunzi ambaye fedha za bodi ya mikopo zimechelewa asipoteze alama 15 kwa sababu mwenzake analipia toleo la kila mwezi. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuweka uzito mkubwa upande wa usimamizi.

Kabla ya kufungua muhula

Mabadiliko ya mgawanyo wa alama yanahitaji idhini ya idara, na katika vyuo vingine ya seneti, kwa hiyo peleka kwa mkuu wa idara mapema vitu vinne: mgawanyo mpya, ukurasa wa sera, mfano wa maswali ya mahojiano na fomu ya kuandikia majibu yake. Fomu hiyo itahitajiwa na mtahini wa nje, ambaye hawezi kuona mahojiano yenyewe. Iwe na jina, maswali yaliyoulizwa, muhtasari wa majibu, alama na saini ya muulizaji. Kutaneni na wakufunzi wasaidizi kwa alasiri moja, muwahoji wanafunzi wawili wa kujitolea mbele ya wote, na kila mmoja atoe alama kivyake kabla ya kulinganisha, mpaka alama zenu zikaribiane. Kisha rudia hatua ya kwanza mwanzoni mwa kila muhula, kwa sababu swali lililoishinda programu Machi linaweza kujibiwa vizuri ifikapo Oktoba, na orodha yako ya kazi ambazo haiwezi kuzifanya inatakiwa iwe ya mwezi huo.